Nasaha kwa Mwenye Kusikia Mengi

Katika kituo cha kununulia chai, kiwe cha Mogogosiek au cha mahali pengine popote katika vilima vya Konoin, nchi ya Bomet, mkulima humwaga majani yake juu ya meza, na kabla ya mizani kuguswa majani hayo hupinduliwa kwa mkono, yakatengwa yaliyokomaa kupita kiasi, na yaliyochubuka, na yale yaliyokwisha kupata joto kwa kushindiliwa. Kisha ndipo hupimwa na kilo zake zikaandikwa. Mzee mwenye mvi na kijana aliyerithi mistari michache ya chai mwaka jana hufanyiwa mamoja, wala hakuna hata mmoja wao ajionaye kuwa ametukanwa, kwa kuwa wote wanajua kwamba jani baya likifika kiwandani haliharibu chai ya mwenyewe peke yake, bali hushusha thamani ya chai ya watu wote. Lakini mkulima huyo huyo, akiisha toka kituoni na kupita sokoni, husikia kwamba bonasi ya mwaka huu imeliwa, na kwamba mbolea iliyoletwa ni ya bandia, na kwamba ng'ombe wa jirani amekufa kwa jicho baya la bibi fulani, na khabari hizo zote huzipokea bila ya kupindua hata moja, akaenda nazo nyumbani, na jioni akawasimulia watu wake kana kwamba mambo hayo aliyaona mwenyewe.

Muradi wa maneno yangu ni kumshauri msomaji, na khasa msomaji wa nchi ya chai ambaye maisha yake yanategemea maamuzi ya watu walio mbali naye, aingize swali moja katika mazungumzo yake ya kila siku. Aghalabu tupewapo khabari, tunauliza nani kaisema. Na tukiambiwa kwamba ni mzee wa kijiji, au mhubiri, au mwalimu, au binamu mwenye kazi katika afisi kubwa huko Nairobi, tunaridhika na kunyamaza. Swali hilo lina faida yake, maana mwongo mashuhuri hastahiki kusikilizwa sawasawa na mtu mkweli. Walakini linampima mtu na kuliacha neno lake bila ya kipimo. Mtu mwaminifu kabisa aweza kukupa khabari batili aliyopewa na mwaminifu mwenziwe, naye aliipata kwa wa tatu ambaye aliisikia nusu. Kwa hiyo, baada ya kuuliza nani kasema, yafaa tuulize: kaijuaje? Aliona kwa macho yake? Alihesabu? Aliambiwa na aliyeona? Au aliona jambo moja, akakisia la pili, na sasa anatusimulia yote mawili kama kwamba yote mawili aliyashuhudia?

Swali hili si geni, wala halikuletwa na skuli za leo. Wanazuoni wa Kiislamu waliokusanya Hadithi waliliweka kuwa msingi wa elimu yao, kwa kuwa hawakulipokea neno lolote mpaka wajue limepita kwa nani, na huyo alilipokea kwa nani, na kama wawili hao waliweza kukutana. Naye Ibn Khaldun, mwanachuoni wa Afrika ya Kaskazini, alipoandika Mukadima yake mwaka 1377, alizidisha sharti jingine: katika khabari za mambo ya ulimwengu, kabla hata ya kupima uaminifu wa msimulizi, tuulize kwanza kama jambo lenyewe lawezekana kwa tabia ya vitu. Aliwalaumu waandishi wa tarikh waliosimulia kwamba jeshi la Wana wa Israili chini ya Musa lilikuwa na askari 600,000 au zaidi, bila ya kujiuliza jeshi la namna hiyo lingejipanga wapi, lingelishwa nini, na askari wa mwisho wa safu angejuaje yanayotendeka mwanzoni. Waandishi hao hawakuwa wajinga. Walinakili tu kwa heshima, wakaiacha heshima ifanye kazi ya kupima.

Nchi yetu yenyewe ina mfano ulio bora kuliko wa majeshi ya kale, nao ni mvua ya mawe. Kericho na vilima vinavyoizunguka vimetajwa ulimwenguni kwa mvua hiyo; vitabu vya maajabu ya hali ya hewa huandika kwamba huanguka kwa wastani wa siku 132 katika mwaka. Hesabu hiyo yatutaka tuulize papo hapo: je, ni siku za shamba moja, au ni siku ambazo mawe yalianguka popote katika eneo zima? Mambo hayo mawili hayalingani hata kidogo, na kila mkulima anajua kwamba mawe huweza kuchanachana chai ya upande mmoja wa bonde, na upande wa pili usidondokewe na tone. Mtu anayerudia 132 bila ya kuuliza hivyo, akashangaa inawezekanaje shamba lake kupigwa mara chache tu, ataishia ama kudhani kwamba vitabu vinasema uongo, ama kudhani kwamba yeye analindwa kwa siri. Na dhana zote mbili zinatoka katika swali moja lililoachwa.

Basi, katika miaka ya 1960, mashamba makubwa ya chai ya Kericho, yakichoshwa na hasara ya majani yaliyopondwa, yalianza kurusha roketi za baruti katika mawingu ili kuyavuruga mawe kabla hayajaanguka. Na kabla ya miaka hiyo kwisha zikatumwa ndege kutia mawinguni chembe za ayodidi ya fedha, kwa matumaini kwamba maji ya wingu yatagawanyika katika punje nyingi ndogo za barafu badala ya chache kubwa, nazo punje hizo ziyeyuke njiani au zifike chini bila ya nguvu. Yalisemwa kwamba baada ya roketi kupasuka mawe yalianguka laini, yakisagika mkononi. Waliosema hivyo walikuwa watu wazima wenye akili, na sina shaka kwamba waliyaona mawe laini. Hapo ndipo swali letu linapoanza kuwa gumu na lenye faida, kwa sababu kuona jiwe laini ni kitu kimoja, na kujua kwamba limelainishwa na roketi ni kitu kingine. Mawe laini huanguka hata pale ambapo hakuna roketi iliyorushwa. Wingu hubadilika lenyewe dakika hata dakika. Na aghalabu roketi hurushwa wingu likiwa limefikia ukali wake, yaani katika saa ile ile ambayo, kwa desturi ya mawingu, ukali huo umekaribia kupungua.

Ni nani basi awezaye kulijua jambo hili? Hakuna mtu awezaye kulitazama wingu moja mara mbili, mara ya kwanza likiwa limepigwa na mara ya pili likiwa halikupigwa. Na kwa kuwa hawezi, inampasa atazame mawingu mengi. Aandike kila siku ambayo wingu la hatari limetanda, apige kura kwa haki ni siku zipi wingu litapigwa na ni zipi litaachwa, kisha mwisho wa mwaka alinganishe hasara ya siku hizi na ya siku zile. Kura ina maana kubwa, kwa sababu bila ya kura mpigaji atachagua, pengine bila ya kujijua, yale mawingu ambayo moyo wake unamwambia kwamba yatamtii. Njia hii ni ndefu na yachosha, na mkulima anayetazama chai yake ikipondwa hana subira nayo. Lakini asiyepita njia hiyo, au nyingine iliyo sawa nayo, hana ruhusa ya kusema najua. Ana ruhusa ya kusema natumaini, na hilo ni neno la heshima likisemwa kwa jina lake.

Insafu yanilazimu niongeze kwamba mizani hii haikuwekwa kwa ajili ya roketi za makampuni tu, wala kwa ajili ya wazee wasemao kwamba wanaweza kuzuia mawe kwa matambiko tu. Wasomi wengi humcheka mzee na kumwamini rubani, na wazee wengi humdharau rubani na kumwamini mzee mwenzao. Na pande zote mbili zimegawana watu, hazikupima dalili. Mzee asema mawe yalipita kando siku aliyoomba; rubani asema mawe yalilainika siku aliyoruka. Wote wawili waulizwe, kwa sauti moja na kwa adabu moja, zile siku nyingine zilikuwaje.

Na kuna khabari iliyo ya ajabu kuliko hizo. Mwaka 1982 watafiti wawili walichapisha maelezo kwamba majani makavu yaliyooza chini ya michai ya Kenya yana chembe zenye uwezo wa kuyagandisha maji upesi kuliko vumbi la kawaida, wakadhani kwamba miguu ya wachumaji, ikipita kati ya mistari, huitimua takataka hiyo ikapanda na hewa hata mawinguni, na kwa njia hiyo chai yenyewe ikachangia kuyazaa mawe yanayoiponda. Mtu akiisikia khabari hiyo sokoni angesema ni hekaya ya watoto. Lakini tuiulize walijuaje, na tutaona kwamba ina viungo viwili visivyo na uzito mmoja. Kwamba takataka ya chai hugandisha maji, walilijua kwa kuitia katika matone na kuyapoza na kuyatazama; hilo ni jambo la kushuhudiwa, na mwingine anaweza kulirudia. Kwamba chembe hizo hufika mawinguni kwa wingi wa kutosha na kuzaa mawe, hilo ni kisio, lenye akili ndani yake, lakini bado ni kisio. Mwenye fikira safi huvishika viungo vyote viwili, kila kimoja kwa kiasi cha dalili yake, asiikatae khabari kwa sababu ni ya ajabu, wala asiimeze yote kwa sababu imetoka kwa wataalamu.

Nimekawia katika mvua ya mawe kwa sababu mambo mengine yote nitakayosema ni matawi yake. Mwezi wa Septemba 2011, katika upande wa Longisa wa Bomet yetu hii hii, mahindi yaliingiwa na maradhi yasiyojulikana: majani yakafanya madoa ya manjano, yakakauka kutoka pembeni kuingia ndani, mabua yakadumaa, na magunzi yakatoka bila ya punje au na punje zilizonywea. Katika msiba wa namna hiyo kila mtu huwa na sababu mkononi. Mbegu ni mbovu, asema mmoja; mvua, asema wa pili; adhabu, asema wa tatu; na kila mmoja aweza kulionyesha shamba moja linalomsadiki. Wataalamu wa KARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, waliyachukua majani na kuyapima, na ikabainika kwamba maradhi hayo, ambayo Marekani iliyajua tangu miaka ya 1970, huletwa na virusi viwili vinavyokutana katika mmea mmoja. Kimoja peke yake hudhuru kidogo, na vikiwa pamoja huua. Vidukari na wadudu wengine wadogo sana waitwao vithiripi hutoa maradhi kwa mmea mgonjwa na kuyapeleka kwa mzima, na shamba linalopandwa mahindi baada ya mahindi, msimu kwa msimu, huwapa makao yasiyokatika.

Tazama sasa faida ya kulijua jambo kwa njia yake. Aliyeamini kwamba ni adhabu hakuwa na la kufanya ila kungoja. Aliyeamini kwamba ni ukame angengoja mvua, akapanda mahindi yale yale mahali pale pale. Aliyejua kwamba ni virusi na wadudu aling'oa mimea iliyougua, akapanda viazi au maharagwe kwa msimu mmoja ili kuikata njia ya maradhi, akatafuta mbegu iliyothibitishwa. Sababu ya kweli hutambulikana kwa tabia hii, kwamba humpa mtu kazi ya kufanya na humwambia mapema ataona nini akiifanya. Na zaidi ya hayo, hapa palikuwa na sababu mbili zilizohitajiana; ambaye angeshikilia kwamba ni lazima msiba mmoja uwe na mwenyewe mmoja asingeifikia kweli daima. Nawasihi wasomaji wangu walikumbuke jambo hili watakaposikia mtu akisema kwa ukali kwamba taabu zetu zote zaletwa na kitu kimoja.

Asidhani mtu kwamba upofu huu ni wa watu wasiosoma. Makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalianza kupanda chai katika Kericho katika miaka ya 1920, na kwa muda mrefu baada ya hapo iliaminiwa na wenye mamlaka na wenye mashamba makubwa, watu waliosoma vyuo vikuu, kwamba Mwafrika mwenye shamba dogo hawezi kupewa chai kwa kuwa ataiharibu sifa yake sokoni. Walijuaje? Hawakujua, maana hakuna aliyekuwa ameruhusiwa kujaribu; na imani iliyojikinga na majaribio kwa sheria haiwezi kukosolewa na chochote. Jaribio lilipofanywa hatimaye, katika nchi ya Nyeri katika miaka ya 1950, na kiwanda cha Ragati kikajengwa mwaka 1957 kwa chai ya wakulima wadogo, imani ile ilianguka. KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, ikaundwa mwaka 1964, na leo zaidi ya nusu ya chai ya Kenya yatoka katika mashamba madogo kama ya Mogogosiek. Hapa swali letu lapata ndugu yake, nalo ni hili: msemaji anafaidika nini tukimwamini? Faida peke yake haimfanyi mtu kuwa mwongo. Lakini penye faida kubwa na dalili haba, msikilizaji aongeze macho.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo najua ndilo lililo karibu zaidi na moyo wa msomaji wa Mogogosiek, nalo ni bonasi. Kila mwaka, malipo ya pili yanapotangazwa, wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa, yaani sisi na jirani zetu wa Kericho na Kisii na Nandi, huona kwamba wenzetu wa Nyeri na Kirinyaga na Murang'a wamelipwa zaidi, na uchungu wetu ni wa haki, kwa kuwa jasho ni jasho. Lakini uchungu si dalili. Sababu zinazotajwa ni nyingi: wizi, ubora wa majani, udongo na mwinuko, bei ya mnada wa Mombasa, chai iliyolala ghalani bila ya kuuzwa, gharama za kuni na umeme, thamani ya dola. Kila mojawapo yawezekana, na zaidi ya moja zaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Namna ya kuzichambua ni kuuliza, kwa kila sababu, kama ni hii, tungetazamia kuona nini ambacho tusingekiona kama ni ile? Kama ni bei ya mnada, basi bei ya wastani ya kilo ya chai ya kiwanda chetu itakuwa chini kuliko ya kiwanda cha Kirinyaga katika majuma yale yale. Kama bei zinalingana na malipo hayalingani, basi tutazame gharama. Kama gharama nazo zinalingana, hapo neno wizi lina mahali pa kusimama, na lisimamishwe bila ya woga.

Majibu ya maswali haya hayako mbinguni. Tangu mwaka 2000 viwanda ni makampuni ya wakulima wenyewe. Mkulima ni mwenye hisa, huchagua wakurugenzi, na ana haki ya kuhudhuria mkutano mkuu wa mwaka na kuisoma hesabu. Nakushauri uende na hesabu ndogo umeifanya nyumbani. Huhitajiwa takriban kilo nne na nusu za majani mabichi ili kupata kilo moja ya chai kavu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba chai iliuzwa kwa shilingi 300 kwa kilo. Ukigawanya kwa nne na nusu utapata kama shilingi 67 kwa kila kilo ya majani, kabla ya kulipa mfanyakazi hata mmoja wala kununua mzigo mmoja wa kuni. Mtu akikuambia sokoni kwamba katika mwaka wa namna hiyo ulistahiki shilingi 100 kwa kilo, huna haja ya kumwita mwongo. Mwulize tu zingetoka wapi. Na mkurugenzi akikuambia kwamba zilizobaki ni shilingi 30, mwulize vivyo hivyo nyingine zilikwenda wapi, kifungu kwa kifungu, wala usikubali kujibiwa kwa hotuba. Mkutano wenye watu ishirini waliofanya hesabu hiyo huogopwa kuliko mkutano wa watu elfu mbili wanaopiga kelele.

Katika mabishano mengine kosa ni la kuchanganya maswali mawili ya jinsi mbalimbali. Mwezi wa Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto katika mashamba makubwa ya Kericho na watu waliolia kwamba zinawanyang'anya kazi. Kwamba mashine moja hufanya kazi ya mikono mingi, hilo ni jambo la kupimwa kwa kilo na kwa siku. Ni nani abebe hasara ya mikono iliyoachwa, hilo ni jambo la uadilifu, na hakuna mizani ya kilo iwezayo kulijibu. Wenye mashamba hujibu la pili kwa tarakimu za la kwanza, na vijana hulikana la kwanza kwa hasira ya la pili, na kwa hivyo hawakutani.

Liko jambo ambalo siwezi kuliandika kwa utulivu. Mwezi wa Mei 2008, katika nchi ya jirani zetu ya Kisii, watu 11, wengi wao wakiwa wazee, walichomwa moto wakauawa kwa kutuhumiwa uchawi. Na mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wenye umri mkubwa wakauawa kwa tuhuma hiyo hiyo. Sisemi haya kwa kuwalaumu Wakisii, kwa kuwa jambo hilo limepata kutokea pwani na bara, na moyo unaoliwezesha umo katika kila kijiji. Nasema kwa sababu katika kila tuhuma ya namna hiyo kuna wakati, pengine wa dakika chache tu, ambapo mtu mmoja katika kundi angeweza kusimama na kuuliza kwa sauti: mmejuaje kwamba ni yeye? Mtoto ameugua, hilo tumeliona. Bibi alipita njiani, hilo pia tumeliona. Kiungo kinachoyaunganisha mawili hayo nani kakiona? Mwenye kuuliza hivyo huenda akasukumwa, huenda naye akatuhumiwa, wala simwambii msomaji kwamba ni jambo jepesi. Namwambia kwamba asiyezoea kuuliza juu ya bonasi na mbolea hataweza kuuliza siku hiyo, kwa kuwa ulimi hauzoei ushujaa kwa ghafula.

Juu ya miradi ya upatu sitasema mengi, maana ile iliyoanguka Kenya mwaka 2007 iliwafundisha wengi kwa bei kali. Atakayekuja na mradi wa kila mtu kuleta watu sita ili alipwe, chukua kalamu uzidishe sita kwa sita mara kwa mara. Ngazi ya kumi itataka watu 60,466,176, na Kenya nzima, kwa sensa ya mwaka 2019, ilikuwa na watu 47,564,296, wakiwamo watoto wachanga.

Yumkini msomaji atasema kwamba nchi yetu ni ya heshima, na kijana hawezi kumwuliza mzee amejuaje. Neno hili lina uzito, wala silipuuzi. Lakini Wakipsigis wana kokwet, baraza la kijiji ambalo watu huketi pamoja wakasikilizana mpaka neno likakubalika, na kuulizana sababu ni katika kazi za baraza hilo. Marehemu Profesa Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 1995, alikwenda vijijini kuwahoji wazee wenye sifa ya hekima, akagundua kwamba wako wa namna mbili: wale wanaoijua sana hekima ya watu wao na kuisimulia kwa ufasaha, na wale ambao, pamoja na kuijua, huipima, wakaikubali kwa sababu na kuikataa kwa sababu. Wa namna ya pili nao walikuwa wazee wetu wenyewe, wengine wasiojua kusoma. Kwa hiyo kijana anayeuliza vizuri anafuata mzee wa pili, hajamtupa wa kwanza. Na kuuliza vizuri kuna adabu yake: mpe mzee heshima ya jina lake, uanze na yale mnayokubaliana, useme, Mzee, nataka nilielewe jambo hili hata niweze kumweleza mwingine, nisaidie, lilijulikana vipi? Usimwulize mbele ya wakwe zake. Na asipokuwa na jibu, usishangilie.

Wala sidai kwamba kila kitu kipimwe kwa siku na kilo. Mtu anayemwomba Mungu wake asubuhi kabla ya kuingia shambani hatoi khabari ya sokoni. Anasema anamtegemea nani, na mimi sina mizani ya jambo hilo. Lakini mhubiri akisema kwamba atakayetoa sadaka fulani atapona maradhi fulani kwa siku fulani, hapo ameshuka mwenyewe katika uwanja wa mambo yanayoonekana, na ni halali aulizwe kama mwingine yeyote.

Kwa atakaye kuanza, namshauri aanze kwa daftari dogo, akiandika katika kila ukurasa khabari moja kubwa aliyoisikia, na tarehe, na nani kasema, na huyo alisema ameijuaje, na mwisho yeye mwenyewe ameiamini kwa kiasi gani: kwa yakini, kwa dhana, au kwa matumaini tu. Asimwonyeshe mtu. Bonasi ikiisha tangazwa, au msimu ukiisha, alifungue na kuweka alama mbele ya kila khabari iliyotimia na iliyokosa. Ataona kwamba baadhi ya watu aliowaamini mno hukosa mara nyingi katika jambo moja na hupata mara nyingi katika jingine, kwa mfano mzee ambaye maneno yake juu ya mvua ni ya kuandikwa, na juu ya siasa ni ya kuachwa. Na mtu wa namna hiyo asiaibishwe, bali aendelee kuulizwa juu ya mvua.